Maswali mnayouliza kila mwaka kuhusu chemsha bongo ya jiografia ya dunia

Kila mwaka mashindano ya shule yakikaribia meseji zinaanza kumiminika, madogo wanauliza, walimu wenzangu wanauliza, wazazi nao hawako nyuma, na asilimia kubwa ni maswali yale yale. Mimi ni ticha wa jiografia sekondari, timu za chemsha bongo nimeziandaa miaka kadhaa sasa, tumewahi kubeba ngao na tumewahi kupigwa raundi ya kwanza tukarudi kwenye daladala kimya kabisa. Kwa hiyo nimeamua niyajibu yote sehemu moja. Maswali nimeyaacha kama yalivyokuja, msicheke.

Ticha, dunia kubwa na imebaki miezi miwili. Tunaanzia wapi?

Ramani tupu. Sio orodha, sio madesa ya kaka yako, ramani tupu isiyo na maandishi, na penseli.

Najua mtabisha maana karibu kila dogo anayekuja kwangu anakuja na daftari lenye nchi upande huu na mji mkuu upande ule, amekariri Afrika nzima na ukimuuliza Burkina Faso anakurushia Ouagadougou kabla hujamaliza kutamka. Safi. Sasa muulize hivi: ukitoka Ouagadougou ukanyoosha kusini moja kwa moja, nchi ya kwanza kuingia ni ipi? Hapo anaanza kuangalia dari. (Jibu nimeliweka mwisho kabisa, usishuke kulichungulia.) Na mashindano ndo yanauliza hivyo, hasa raundi za mwisho, kwa sababu wanaotunga wanajua wote mmekariri.

Ninavyofanya mimi: siku ya kwanza kila mtu anachora Tanzania kwa kichwa, ikiwa mbaya haina shida, halafu anazungusha majirani kuanzia kaskazini kwa mwelekeo wa saa: Kenya, Msumbiji, Malawi, Zambia, Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda. Wako nane. Kuna binti mmoja wa kidato cha pili alitutungia sentensi, "Kaka Mkubwa, Muuza Zabibu, Kaenda Bukoba, Rudi Upesi", chukua herufi ya kwanza ya kila neno. Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau. Tungeni za kwenu, zikiwa za kuchekesha zinakaa zaidi.

Ukimaliza hapo unaenda kwa majirani wa majirani. Kongo ya Kinshasa peke yake inapakana na nchi tisa, yaani ukiiweka Kongo pale katikati na kuijua vizuri, Angola, Zambia, Afrika ya Kati, Sudan Kusini na ile Kongo nyingine zinajipanga zenyewe pembeni. Unaendelea kutanuka hivyo hivyo kama mafuta kwenye maji, huruki kwenda Ulaya kabla Afrika haijakaa.

Nchi duniani ziko ngapi? Kila kitabu kina namba yake

Inategemea swali limemtaja nani. Wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 193, na waangalizi wawili, Vatican na Palestina. Afrika nchi wanachama wa UN ni 54, ila Umoja wa Afrika una wanachama 55 kwa sababu wao wana Sahara Magharibi ndani. Sikiliza swali mpaka mwisho.

Majina ya Kiswahili yanatuchanganya, mashindano ni Kiingereza, tufanyeje?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana ndo tatizo letu hasa na hakuna kitabu kinachokusaidia. Mtoto amekua akisikia Ureno kwenye redio, kwenye pepa anakutana na Portugal, hajui kama ni kitu kimoja. Ugiriki ni Greece, Uholanzi ni Netherlands, Misri ni Egypt, Ushelisheli ni Seychelles, hizo unazizoea. Muuaji mkubwa ni Uswisi na Uswidi. Uswisi ni Switzerland, mji mkuu Bern, haina bahari, milima ya Alps imejaa. Uswidi ni Sweden, mji mkuu Stockholm, iko kaskazini kule kati ya Norway na Finland. Nimeshuhudia timu ikitafsiri kichwani chini ya shinikizo na kutoa Stockholm kwenye swali la Switzerland, na walikuwa wanajua zote mbili!

Dawa yake kwenye kadi zako andika majina yote mawili upande mmoja, na ukifanya mazoezi ulizwa kwa lugha zote, leo Kiswahili kesho Kiingereza.

Na yapo yanayofanana hata bila Kiswahili. Niger na Nigeria, Mauritius na Mauritania, Slovakia na Slovenia, Dominica na Jamhuri ya Dominika. Guinea ziko nne: Guinea yenyewe (Conakry), Guinea-Bissau (Bissau), Equatorial Guinea, na Papua New Guinea ambayo wala haiko Afrika, iko kule juu ya Australia. Tashkent inaanza na T lakini ni ya Uzbekistan, Tajikistan mji wake ni Dushanbe. Haya msiyasome mbali mbali, yaweke mawili mawili uso kwa uso.

Na Ziwa Nyasa likitajwa kama Lake Malawi usipaniki, ni lile lile.

Miji mikuu naikosea sana nachanganya na miji mikubwa

Wewe ni shabiki wa mpira eh? Wengi wanaokosea hivi ni wa mpira na siwalaumu, mpira umewafundisha jiografia nyingi kuliko mimi. Tatizo timu kubwa sio lazima iwe ya mji mkuu. Simba na Yanga wakienda Morocco wanacheza na Wydad au Raja kule Casablanca, basi dogo anaamini Casablanca ndo mji mkuu, kumbe ni Rabat. TP Mazembe wako Lubumbashi, mji mkuu ni Kinshasa. Istanbul ina timu tatu kubwa, mji mkuu wa Uturuki ni Ankara tangu 1923. Mimi nimeligeuza hili kuwa zoezi: taja timu, taja mji wake, halafu taja mji mkuu wa nchi hiyo. Al Ahly ni Cairo, hapo inaoana. Espérance ni Tunis, inaoana. Horoya ni Conakry, inaoana. Mamelodi Sundowns wako Pretoria, hapo simama kidogo maana Afrika Kusini ina miji mikuu mitatu: Pretoria serikali, Cape Town bunge, Bloemfontein mahakama.

Kundi jingine la kulikazania ni nchi zilizohama. Brazil walitoka Rio de Janeiro kwenda Brasília 1960. Ivory Coast walichagua Yamoussoukro 1983 ingawa Abidjan ndo inayochangamka. Nigeria wakahamia Abuja 1991. Sisi wenyewe tuliamua Dodoma 1973 na serikali ikaanza kuhamia kweli kweli 2016. Burundi wakaenda Gitega 2019. Kazakhstan ndo wamezidi, hawakuhama tu, mji wenyewe ulikuwa Astana, 2019 wakauita Nur-Sultan, 2022 wakarudisha Astana. Ukiangalia vizuri nyingi sababu ni ile ile, mji wa pwani ulioachwa na mkoloni uko pembeni, watu wanataka wa katikati. Ukishika sababu hiyo tarehe zinakaa.

Mito inanichosha. Naikaririje?

Usiikariri, itembee. Weka kidole kwenye chanzo na ushuke nao mpaka baharini, kila ukivuka mpaka sema nchi kwa sauti.

Mfano Danube. Unaanzia Ujerumani kwenye Msitu Mweusi, unapita Austria, Slovakia, Hungary, Croatia, Serbia, Romania, Bulgaria, unagusa Moldova, Ukraine, unaishia Bahari Nyeusi. Nchi 10 hizo kwa mto mmoja. Na njiani umepita miji mikuu minne, Vienna, Bratislava, Budapest, Belgrade. Kabla ya hapo Ulaya Mashariki ilikuwa inawatisha wanafunzi wangu kama nini, baada ya Danube wanaiona kama njia ya kwenda sokoni.

Zambezi hivyo hivyo, unachipuka kaskazini magharibi mwa Zambia, unaingia Angola, unarudi Zambia, unapita mpakani mwa Namibia na Botswana, unaanguka pale Mosi-oa-Tunya (Maporomoko ya Victoria), Bwawa la Kariba, kisha Cahora Bassa Msumbiji na kumwaga Bahari ya Hindi. Mekong jaribu mwenyewe, nakuanzishia tu kwamba unatoka China na njiani kuna Vientiane na Phnom Penh.

Nile una mtego wake. Wakiuliza nchi za bonde la Nile ni 11 na Tanzania imo, lakini mto wenyewe hauingii Tanzania, Nile Nyeupe inatoka ziwani kule Jinja, Uganda. Nyeupe na ya Buluu, ile inayotoka Ziwa Tana Ethiopia, zinakutana Khartoum.

Namba zote lazima? Urefu, kina, eneo, idadi ya watu...

Hapana jamani. Mnajiua bure. Namba sahihi unazohitaji ni chache, zinazobaki jua mpangilio, nani wa kwanza nani wa pili.

Za kushika: Kilimanjaro mita 5,895, Mlima Kenya 5,199, Everest ilikuwa inaandikwa 8,848 na tangu kipimo cha 2020 ni 8,848.86, kwa hiyo ukikuta 8,849 sio kosa wamekadiria tu. Ziwa Baikal kule Urusi kina mita 1,642 na Tanganyika yetu inafuata na 1,470. Angel kule Venezuela ndo maporomoko marefu zaidi, mita 979. Nile km 6,650 hivi.

Maziwa ndo kuna mchezo mchafu. "Ziwa kubwa kuliko yote duniani" jibu ni Caspian ingawa linaitwa bahari. "Ziwa kubwa kuliko yote la maji baridi" kwa eneo ni Superior la Marekani na Canada, Victoria ni la pili. Kubwa la maji baridi kwa ujazo ni Baikal. Maswali matatu majibu matatu na dogo mwenye haraka atajibu Victoria yote.

Milima nayo: mrefu kutoka usawa wa bahari ni Everest, lakini kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia ni Chimborazo, Ecuador, kwa sababu dunia imevimba kidogo pale ikweta.

Idadi ya watu usikariri namba, zinabadilika. Jua tu India imeipita China 2023, hiyo wanaipenda.

Ramani ya ukutani darasani inaonesha Greenland karibu sawa na Afrika, ni kweli?

Uongo mkubwa. Afrika ni karibu kilomita za mraba milioni 30, Greenland milioni 2 na kidogo, yaani Greenland inaingia Afrika mara 14 hivi. Ni ile michoro ya Mercator, ilitengenezwa karne ya 16 kwa ajili ya mabaharia, mwelekeo iko sahihi ila kadiri unavyokwenda ncha za dunia vitu vinavimba. Tafuta globu hata kama ni ya mpira wa plastiki.

Maswali ya saa na longitudo tunapoteza maksi kila mara

Hesabu yenyewe rahisi. Nyuzi 360 gawa saa 24 unapata nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja dakika nne. Mashariki unaongeza, magharibi unatoa. Mahali palipo nyuzi 75 magharibi, Greenwich ikiwa saa sita mchana, 75 gawa 15 ni 5, unatoa masaa matano, ni saa moja asubuhi.

Sasa umeona tatizo liko wapi? Nimesema saa moja asubuhi, kwenye pepa ya Kiingereza unatakiwa uandike 7. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, wao kuanzia usiku wa manane. London ikiwa saa sita mchana majira ya baridi, Dar ni saa tisa alasiri, mtoto anahesabu vizuri kabisa halafu anaandika 9 p.m. kwa sababu kichwani alishasema tisa. Maksi zimekwenda. Fanya hesabu yote kwa saa 24, ukimaliza ndo utafsiri.

Mtego mwingine: Dar iko kama nyuzi 39 mashariki. Ukipiga kwa dakika nne unapata masaa mawili na dakika 36, lakini saa zetu ziko tatu mbele ya Greenwich kwa sababu tunafuata mstari wa nyuzi 45 ambao hata haupiti nchini kwetu. Swali likisema muda wa jua wa mahali hapo piga hesabu, likisema muda rasmi tumia masaa 3.

Nitumie app gani? Bando linanimaliza

Seterra ni nzuri kwa ramani, unabonyeza nchi inakuambia umepata au umekosa. Anki kwa kadi, ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Lakini kama simu ni ya mama na inarudi saa mbili usiku na chaji asilimia nne, kata karatasi ya manila vipande, swali mbele jibu nyuma, tafuta maboksi matatu ya viatu. Kadi mpya zinakaa boksi la kwanza unazipitia kila siku. Ukipata inahamia la pili, hilo kila siku tatu. Ukipata tena la tatu, kila wiki. Ukikosa popote pale inarudi la kwanza bila huruma. Mwaka tulioshinda hatukuwa na simu hata moja ya maana, tulikuwa na maboksi na mchanga wa uwanja wa netiboli tunachora ramani kwa kijiti.

Atlasi tuliyonayo ni ya zamani kidogo

Kidogo kiasi gani? Fungua ukurasa wa Afrika. Kama Sudan ni nchi moja kubwa, ni ya kabla ya Julai 2011. Kama kuna Swaziland badala ya Eswatini, ni kabla ya 2018. Kama Macedonia haina "Kaskazini" mbele, kabla ya 2019. Kama kuna Zaire, kabla ya 1997, na kama kuna Yugoslavia kubwa na Umoja wa Kisovieti basi hiyo peleka makumbusho. Milima na mito bado ni ile ile kwa hiyo usiitupe, chukua kalamu nyekundu rekebisha mipaka na majina mwenyewe. Kwa kweli kurekebisha atlasi ya zamani ni somo zuri kuliko kununua mpya. Na kumbuka Sudan ilivyogawanyika Algeria ndo ikawa kubwa kuliko zote Afrika, hilo swali linatoka sana.

Jaji akisema tumekosa na tuna uhakika tumepata?

Aisee. Hili bado linaniuma. Kuna fainali moja, sitaji ya wapi, swali lilikuwa mji mkuu wa Burundi. Binti yangu akabonyeza wa kwanza, akasema Gitega bila kusita. Jaji akaangalia karatasi, akasema sio, timu ya pili wakasema Bujumbura, wakapigiwa makofi. Tulifungwa kwa pointi hiyo hiyo. Karatasi ya majibu ilikuwa imenakiliwa kutoka mwaka wa zamani. Nilinyanyuka nikapinga, nikaambiwa muda wa kukata rufaa umepita, ni kabla swali linalofuata halijasomwa, na mimi sikujua kama kuna sheria hiyo. Kosa langu pia.

Kwa hiyo: soma sheria zote kabla, mteue nahodha mmoja anayeruhusiwa kupinga, na mwalimu abebe karatasi moja yenye mabadiliko ya miaka ya karibuni. Mkipinga pingeni kwa adabu, "samahani mheshimiwa jaji, tunaomba jibu hilo lihakikiwe". Tumeshawahi kurudishiwa pointi kwa njia hiyo, Astana iliwahi kutuokoa.

Mwalimu habari, mwanangu yuko kidato cha pili na mtihani wa taifa unakuja, haya mashindano si yatampotezea muda?

Salama mzazi, nakuelewa kabisa. Nusu saa kwa siku inatosha, na mambo ya latitudo, muda na kusoma ramani yako kwenye silabasi, sio ziada. Ila ukiona anaacha hesabu ili akariri sarafu za visiwa vya Pasifiki, mnyang'anye kadi.

Kubonyeza kengele mapema au kusubiri?

Sikiliza neno linalobana swali. "Nchi pekee ya Amerika ya Kati..." bado, ziko saba. "...isiyo na pwani ya Pasifiki", bonyeza, Belize. Angesema isiyo na pwani ya Karibi ingekuwa El Salvador. Anayebonyeza kwenye "Amerika ya Kati" anacheza kamari.

Kuna mashindano ya kimataifa?

Yapo, makubwa ni iGeo, Olimpiadi ya Kimataifa ya Jiografia, yalianza 1996 The Hague, Uholanzi. Ni ya umri wa miaka 16 mpaka 19, timu ya wanafunzi wanne, kuna mtihani wa kuandika, wa picha na video, na kazi ya uwandani ambapo mnatembezwa eneo mnachora ramani na kutoa mapendekezo. Kukariri peke yake hakufiki kule. Marekani walikuwa na GeoBee ya National Geographic tangu 1989, ya watoto wadogo wa huko, fainali ya mwisho ilikuwa 2019 kisha ikafutwa, lakini maswali yake ya zamani bado ni mazoezi mazuri mno.

Tupe maswali ya kujipima basi

Haya, funika majibu kwa mkono. Mto upi unakata ikweta mara mbili? Nchi zipi mbili hazina bahari na majirani zake wote pia hawana? Mahali pa chini kabisa Afrika? Kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani? Ikweta inapita Tanzania? Inapita ardhi ya Equatorial Guinea?

Majibu: Kongo. Uzbekistan na Liechtenstein. Ziwa Assal, Djibouti, kama mita 155 chini ya usawa wa bahari. Madagascar. Hapana, mpaka wetu wa kaskazini uko nyuzi 1 kusini. Na hapana tena, bara lake na Bioko viko kaskazini ya mstari, kisiwa cha Annobón kiko kusini, mstari unapita majini katikati.

Na lile la Ouagadougou: Ghana.